Kisogo cha Bizimana

Lifti ilikuwa imekufa tena, kwa hiyo Gracieuse alipanda ngazi hadi ghorofa ya tano na sufuria ya sombe, majani ya muhogo, mkononi, kifuniko kimefungwa kwa kitambaa ili mawese yasimwagike. Mlango wa Bizimana ulikuwa wazi. Mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, uso dirishani, shati limeshushwa mabegani, akisubiri kubadilishiwa bandeji. Gracieuse aliweka sufuria jikoni, akanawa mikono, akachemsha maji ya chumvi. Alipoibandua bandeji kisogoni, kidonda kikasema:

"Peguy."

Kilisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayejibu alichoulizwa.

"Umesema nini, shemeji?" Bizimana akauliza.

"Si mimi. Ni kidonda."

"Kinasema nini?"

"Kinasema Peguy."

Bizimana akafikiri kidogo. "Basi ni Peguy," akasema. "Ngoja kwanza, shemeji, hayo maji bado ya moto."

Watu husema kisogo hakina macho. Lakini jioni aliyopigwa Bizimana, umeme ulipokatika mtaa mzima wa Albert Park, kisogo ndicho kilichokuwa kimemwelekea mpigaji. Macho ya Bizimana yalikuwa mbele, yakitafuta tundu la ufunguo kwenye geti la jengo. Mahakamani aliapa kwamba hakumwona mtu, na alisema kweli. Kidonda hakikuulizwa. Kesi yote kilikuwa chini ya bandeji.

Aliyefungwa alikuwa Josias, mume wa Gracieuse, kinyozi. Yeye ndiye aliyemkuta Bizimana ameanguka getini, akaliondoa bomba la chuma lililokuwa limemlalia mgongoni, akamwinua. Polisi walipofika, walimkuta ana damu kifuani na bomba mkononi. Mwanamke wa jengo la ng'ambo alieleza kwamba kutoka kwenye roshani yake alimwona mwanaume mrefu akipiga. Taa hazikuwepo, lakini alisema aliona. Josias ni mrefu. Peguy, msimamizi wa jengo, naye ni mrefu, ila hakuna aliyeuliza habari za urefu wake.

Halafu kulikuwa na ile sufuria. Kwao Gracieuse, jirani akiumia hupiti mlangoni kwake mikono mitupu, hata kama mna ugomvi. Na hawa hawakuwa na ugomvi. Tangu Bizimana atoke hospitali, Gracieuse alimpelekea chakula kila jioni. Mwendesha mashtaka alilijua hilo, akalileta mahakamani.

"Kama mumeo hakumpiga, kwa nini unampikia?"

"Kwa sababu ameumia."

Mkalimani alitafsiri vizuri, hakuacha neno. Hakimu akaandika. Katika hukumu, sufuria ilipewa aya yake peke yake: mke wa mtu asiye na hatia, hakimu alisema, hana sababu ya kupika hivyo.

Siku nyingine, askari aliyekuwa akitoa ushahidi aliongeza jambo ambalo hakuulizwa: kwamba Josias si mgeni kituoni, alishakamatwa. Ni kweli alishakamatwa, karatasi zake za ukimbizi zilipokwisha muda, akaachiwa siku ileile. Wakili wa Josias akasimama akaomba kesi ifutwe ianze upya mbele ya hakimu mwingine, maana neno likishaingia sikioni halitoki. Hakimu akasema haina haja, yeye ameshalisahau. Kisha akampa Josias miaka mitano, akaeleza kwamba watu wenye mazoea ya namna hii lazima wafundishwe.

Wiki moja baada ya hapo ndipo kidonda kilipoanza kusema.

Kilisema kila jioni bandeji ilipofunguliwa, na kwa kuwa kuta za jengo lile ni nyembamba, habari ilishuka ghorofa kwa ghorofa. Siku ya tatu Peguy akapanda mwenyewe, tita la funguo likicheza kiunoni. Funguo hizo ndizo zinazofungua na kufunga maji ya kila ghorofa. Bizimana aliwahi kumwambia mwenye jengo kwamba maji hufungwa kwa yeyote ambaye Peguy hampendi, na wiki hiyohiyo ndiyo aliyopigwa.

"Nasikia huku iko mtu anaita jina yangu," Peguy akasema mlangoni.

"Ni kidonda," Gracieuse akamjibu.

Peguy akaingia, akainama, akakitazama.

"Peguy," kidonda kikasema.

"Ni kweli," Peguy akasema. "Ni mie nilipiga. Lakini ile mambo ilishahukumiwa, mama. Mtu iko ndani. Mukiendelea kupiga makelele, maji itakuwa shida, kweli, vraiment." Akamgeukia Bizimana. "Inauma?"

"Wakati wa kulala."

"Pole sana," Peguy akasema, akashuka.

Gracieuse na Bizimana walikwenda kituo cha polisi. Askari wa mapokezi alikisikiliza kidonda hadi mwisho, akasema hana sababu ya kukitilia shaka.

"Lakini eish, mama, pigo ni moja," akasema. "Pigo moja, mtu mmoja, na huyo mtu tayari yuko jela ya Westville. Nikifunga wa pili, itabidi huyu mzee apigwe tena ili hesabu ikae sawa."

Hakuwa anatania. Aliwapa viti, akawaletea maji ya kunywa.

Wakili aliyepewa Josias na serikali alikuwa mwanamke kijana aliyebeba mafaili kifuani kama mtoto mchanga. Alipanda ghorofa zote tano, akakaa nyuma ya Bizimana, kalamu mkononi.

"Kinajua Kiingereza?"

"Kiswahili tu," Gracieuse akasema.

"Si kitu, wakalimani wapo. Shida ni kwamba majaji wa rufaa hawaiti mashahidi. Wanasoma tu yaliyosemwa kule chini. Nitaomba wakipokee kidonda kama ushahidi mpya, ila kiwe wazi siku hiyo. Kikipona, nitawaonyesha nini? Kovu?"

Daktari alikuwa ameshasema kwamba anaweza kukishona vizuri na kitapona. Bizimana akamwambia asubiri.

"Shemeji, siwezi kukuomba jambo kama hili," Gracieuse akasema.

"Hujaniomba."

Kwa hiyo walisubiri. Bizimana alilala kifudifudi. Kazi yake ilikuwa kutengeneza simu, na kazi ya simu ni ya kuinama. Akawa hawezi kuinama, meza yake sokoni ikachukuliwa na mtu mwingine. Homa zilikuja na kuondoka. Ngozi changa ilipoanza kutanda pembeni mwa kidonda, Gracieuse aliiondoa kwa pamba, taratibu, huku akiimba wimbo wa kwaya kwa sauti ya juu ili asimsikie Bizimana akisaga meno. Kidonda kilimngoja amalize ubeti, kisha kikasema jina.

Jumapili Gracieuse alikwenda Westville. Josias alikuwa amekonda hadi masikio yake yalionekana makubwa.

"Bado kinasema?" akauliza nyuma ya kioo.

"Bado."

"Na chakula unampelekea?"

"Nampelekea. Lakini mahakama inasema..."

"Mahakama haijawahi kula sombe yako," Josias akasema. "Mpelekee."

Siku ya rufaa, Peguy ndiye aliyewapeleka, kwa sababu ndiye mwenye gari na Bizimana hakuweza kusimama kwenye foleni ya teksi. Aliendesha polepole kwenye matuta, akitazama kioo kuona kama mgonjwa hatikiswi. Mahakamani akakaa safu ya nyuma kabisa, kofia mapajani.

Wakili alimwomba Bizimana awageuzie majaji mgongo ili kidonda kiwaelekee. Karani akamzuia. Anayeipa mahakama mgongo anaidharau mahakama, akasema, na huko kudharau nako ni kosa. Bizimana akabaki amewatazama majaji. Bandeji ilipofunguliwa, kidonda kikawa kinatazama safu za nyuma.

"Peguy," kikasema.

Peguy akashusha macho. Askari wa mlangoni akaomba ukimya.

"Siku ya kesi kidonda hiki kilikuwepo?" jaji mkubwa akamuuliza wakili.

"Kilikuwepo, mheshimiwa."

"Kilikuwa kinajua?"

"Kilikuwa kinajua."

"Kwa nini hakikusema?"

"Kilikuwa kimefungwa bandeji."

"Bandeji hufunguliwa," jaji akasema bila ukali. "Mtu makini angeifungua wakati ule."

Majaji walikwenda kunywa chai, wakarudi, wakasoma hukumu. Shahidi mmoja anatosha akiwa anaaminika, na mwanamke wa roshani aliaminika, kwa kuwa hakusitasita. Giza lilikuwepo, lakini halikuthibitishwa kuwa giza nene. Sufuria iliongeza uzito. Kuhusu maneno ya askari, hakimu alisema ameyasahau, na hakimu akisema amesahau haulizwi zaidi ya hapo. Kuhusu kidonda, hakimo katika kumbukumbu za kesi. Rufaa ikatupwa. Wakili aliyafunga mafaili yake, akayakumbatia, hakuinuka mpaka karani alipokuja kuzima taa.

Njiani kurudi, walipofika kwenye robot, zile taa za barabarani, karibu na nyumbani, Bizimana akasema, "Sasa wakishone."

Daktari alikishona vizuri sana. Lilibaki kovu jembamba kama uzi, na ukipita haraka hulioni. Wakili alikosea jambo moja tu: kovu halikunyamaza. Lilipunguza sauti. Huita jina jioni, wakati wa taarifa ya habari, na majirani huongeza kidogo sauti za televisheni.

Jioni moja Gracieuse alikuwa akipanda na sufuria, akakutana na Peguy akishuka. Ngazi ni nyembamba. Peguy akajibana ukutani ampishe, akamshikia kifuniko kilichokuwa kinateleza. Juu yao, kupitia mlango ulio wazi, kovu likaita.

"Peguy."

"Niko," Peguy akajibu, kama mtu anayeitwa na mkewe. Akakikaza kitambaa juu ya kifuniko. "Mama Gracieuse, maji inafika kwako?"

Gracieuse alisimama na sufuria yake. Ilikuwa ya moto, ikimchoma vidole.

"Yanafika," akasema. "Asante."