Jeti ya Mzee Najmuddin

Bodaboda mie natengeneza huku naongea na simu. Mbagala nzima inanijua, fundi Kasimiri. Lakini pikipiki ya Mzee Najmuddin, ya mwaka sabini na mbili, ilinitesa wiki nzima, na jamani, wiki yenyewe haikuwa ya kuchezea.

Mzee alikuwa anahama. Mwanawe, Muntazir, alikuja kumchukua wakaishi wote ughaibuni, ndege Jumamosi. "Ijumaa nataka niiendeshe mara moja tu, fundi," aliniambia. "Niende makaburini kumuaga Sakarbai. Miaka arobaini mke wangu alikaa nyuma yangu kwenye pikipiki hii." Nikamjibu, "Mzee wangu, hiyo mbona ndogo!" Ndogo, eti!

Nikiiwasha inatoa moshi mweusi kama koroboi, inakohoa, inazima. Plagi nikiifungua imejaa masizi, imelowa petroli. Ugonjwa ulijionyesha: mafuta mengi, hewa kidogo. Nikasafisha chujio la hewa, wapi! Nikatazama choki isije ikawa imekwama, haijakwama. Nikafungua kabureta, boya la kuzuia mafuta zima, halijatoboka. Nikateremsha sindano ya kabureta ngazi moja ipunguze petroli, moshi ule ule. Jumatano nikaanza kuitukana, pikipiki ya watu haijanikosea kitu.

Alhamisi nikachomoa jeti, kale kashaba kenye katundu ka kupitishia petroli, nikakainua juani. Katundu hakakuwa duara tena. Kamepanuka, na ukingoni kuna mikwaruzo. Mikwaruzo ile naijua.

Mwaka jana ilipoziba, niliizibua mie mwenyewe kwa uzi mmoja wa waya wa breki. Ndivyo tufanyavyo mafundi wote hapa kijiweni. Jeti ya bodaboda ikilika, unanunua nyingine, madukani zimejaa tele. Hii haina nyingine. Nilizunguka Kariakoo mpaka miguu ikawaka moto. Nikampigia Revelian wa Temeke, anayekusanya mizoga ya pikipiki. "Braza, hiyo kaulizie makumbusho," akacheka. Mie sikucheka. Nikakaziba katundu kwa risasi ya kuyeyusha, nikakatoboa upya kwa sindano ya cherehani. Pikipiki ikawaka bila moshi! Nikapiga ukelele, majirani wakageuka. Haikumaliza dakika, risasi ikabanduka, moshi ukarudi. Nikakaa chini kwenye mafuta, sina la kufanya.

Ijumaa mzee akafika, kanzu imepigwa pasi, kofia nyeupe yenye ukingo wa dhahabu. Muntazir alibaki kwenye gari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Iko tayari?"

"Imenishinda, mzee."

Haki ya Mungu nilitaka kuendelea, nimwambie ni mie niliyeiua. Lakini alikwisha panda. Akakaa pale pale, injini kimya, akashika usukani, akafumba macho. Nilijiona mchawi.

Akashuka taratibu. "Basi, tutakwenda kwa gari. Sakarbai ataelewa." Akatoa ufunguo wa akiba mfukoni. "Wengi wameniomba pikipiki hii, nimewakatalia. Chukua wewe. Wengine wangeniharibia."

Nikaupokea kwa mikono miwili, nikasema ahsante.