Wajukuu Waliokuja Kabla ya Harusi

Maneno yaliletwa na mteja aliyekuja kubadilishiwa zipu. Watu walimwita Redio, naye hakulikataa jina. Alisimama mlangoni mwa kibanda cha cherehani, sketi mkononi.

"Fundi, nasikia binti yako anaolewa na yule kijana wa umeme. Hongera. Ila mimi sijasema kitu: mama yake alizika watoto wawili, na wote walikufa wamekumbatia magoti."

"Nani kakwambia?"

"Watu wanasema tu. Zipu iwe nyeusi, eh?"

Fundi alijaribu kuyatupa yale maneno, yakamganda kama ruba. Alishona nayo, akapika nayo, akalala nayo. Dada yake mwenyewe alikufa mdogo, amekumbatia magoti, na nyumbani walisema ni homa.

Siku ya pili, mchana, wajukuu wakaja. Walikuwa hawajazaliwa bado. Walivua ndala mlangoni, wakamwamkia, "Shikamoo, bibi," wakasema wametumwa kupimwa nguo. Walikuwa watatu. Mkubwa alikuwa na masikio ya yule kijana wa umeme na nyusi za binti yake. Fundi akachukua tepu. Wawili walicheka ilipowatekenya. Wa tatu hakuweza kunyoosha mkono. Vidole vilikuwa vimevimba, macho yana umanjano.

"Polepole, bibi. Mifupa inauma."

Alipolia, fundi aliijua ile sauti. Ilikuwa ya dada yake.

Kesho yake walikuja wengine, watano, wagonjwa wawili. Kesho kutwa wakaja wawili tu, wazima kama kigongo, wakamwaga kopo zima la vifungo. Kila siku kundi jingine, sura zilezile zimechanganywa upya, na jua likizama wanarudi kwao. Wateja waliwasogeza kidogo wapate pa kukaa.

Fundi akaenda zahanati. Muuguzi hakushangaa, aliuliza tu wagonjwa ni wangapi na wanaumwa wapi.

"Hiyo ni selimundu," akasema. "Sikiliza, mama. Kila mtu ana vipande viwili vya urithi wa damu, kimoja cha mama, kimoja cha baba. Kimoja kikiwa kibovu, kizima kinakifunika. Mtu anakula, anacheza, anazeeka, hajijui. Wakikutana wawili wa hivyo, kila mimba ni kura. Mtoto anaweza kuokota vizima vyote. Anaweza kuokota kibovu kimoja, awe kama wazazi wake. Na anaweza kuokota vibovu vyote viwili. Huyo ndiye anayelia mifupa, na kiu au baridi humzidishia."

"Kwa hiyo kwenye wanne, mmoja?"

"Kwa kila mimba, nafasi moja kati ya nne. Lakini kura haikumbuki ya jana. Aliyeumwa hamkingi mdogo wake. Wapime wote wawili, waamue wakijua."

Binti akapima damu. Alikutwa amebeba kipande kimoja. Hakulia. "Mwenzangu naye akipima, tutajua la kufanya," alisema. "Naweza kubeba lolote, mama, ila si kubahatisha." Kijana wa umeme akajibu kwamba yeye hana neno, ila amuulize mama yake kwanza.

Mama yake akaja mwenyewe kibandani, asubuhi, mkoba mapajani.

"Mkwe mwenzangu, kijana wangu ametundikwa juu ya nguzo za umeme miaka yote, hajapiga chafya. Leo akapimwe kama ng'ombe wa mnada?"

"Ngoja mchana," fundi alisema. "Utawaona kwa macho yako."

Wakangoja. Fundi alipinda pindo la suruali, akalifumua, akalipinda tena. Na moyoni, Mungu amsamehe, aliomba mgonjwa aje.

Wakaja wanne. Wote wazima, mashavu yamejaa. Wakawaamkia mabibi wote wawili, na mdogo akapanda mapajani kwa mama wa kijana, akaanza kuchokoa mkoba. Yeye akamfunua midomo, akamkagua meno, akamkunja na kumkunjua vidole.

"Hawa ndio wagonjwa wako?"

"Leo ni hawa. Zipo siku wanakuja wengine."

"Mimi nimeona niliowaona."

"Na wale wako wawili, walikufa na nini?"

Mama wa kijana alimshusha mtoto taratibu.

"Jicho la watu," alisema. "Na kikitokea kitu kwenye hii ndoa, tutajua kimetoka wapi. Aliyepima akakutwa nacho ni binti yako. Wangu hajakutwa na kitu."

Ilikuwa kweli, kwa kuwa hakupimwa.

Jioni fundi alimsimulia binti yake. Binti aliuliza jambo moja tu: wale wanne walifananaje? Mama akamweleza, mashavu, meno, na yule wa mkoba. Binti akasikiliza mpaka mwisho. "Labda tutapata hao," akasema.

Harusi ilifanyika, kijana hajapimwa. Gauni lilimkaa vizuri.

Makundi yakakoma. Binti aliposhika mimba, akaja mtoto mmoja tu, yuleyule kila siku, akaketi kwenye benchi amekumbatia magoti, mkono mmoja umevimba. Jua lilipozama hakurudi kwao kama wale wengine, kwa kuwa sasa hapa ndipo kwao. Mama wa kijana alipita kuchukua blauzi yake, akamtazama kitambo.

"Huyo kafuata upande wenu," akasema, akaondoka.

Fundi akamkatia mtoto shati la mikono mipana, mkono uliovimba upate kupita. Na kila bibi harusi anayekuja kupimwa gauni, kabla hajamzungushia tepu kiunoni, anamwambia haya:

Epuka kufunga ndoa kabla wote wawili hamjapima damu. Mmoja hatoshi.

Epuka kusema "kwetu hakuna."

Epuka kumfanya mtoto mzima kuwa ushahidi.

Epuka kumtwika mke peke yake. Kipande cha pili kina baba.

Epuka kuita homa, au jicho la watu, kitu usichokijua.

Na mgonjwa akishazaliwa, epuka kumwacha na kiu. Epuka kumwacha kwenye baridi.