Herufi Kwanza, Moyo Baadaye

Mimi sibembelezi wanafunzi. Wanaokuja kwangu kujifunza kusoma eksirei za dharura wamejaza vitabu kichwani, lakini hawajawahi kusoma picha huku mwenye picha anahema chumba cha pili. Kwa hiyo nina wimbo mmoja, na wameshauchoka: herufi kwanza, moyo baadaye. Mpiga picha huweka herufi ndogo ya madini ya risasi upande wa kushoto wa mgonjwa, nayo hutokea kwenye picha. Itazame hiyo kabla hujaanza kujifanya bingwa.

Mwaka huu alikuwamo binti wa kaka yangu. Kazini ananiita Daktari, nyumbani Shangazi, na kote kuwili ana mdomo mwepesi. Kaka alinipigia simu. "Dada, mtoto ni wako huyo. Akifeli kwako anarudia mwaka mzima, na mimi nina presha."

Nikamwambia presha ina dawa. Lakini nilitaka afaulu, tena nilitaka sana, na ndiyo maana nilikuwa mkali kwake kuliko kwa wenzake.

Siku moja katika wiki yake ya mwisho kwangu aliletwa fundi wa paa aliyeteleza akaangukia mbavu. Alikuwa bado anaongea, ila maneno yanatoka moja moja. Picha ilipofika kwenye kompyuta yetu niliwaambia wanafunzi wasogee. Daktari wa zamu alisimama mlangoni na glavu zake, anangoja neno moja tu: upande gani.

"Soma," nilimwambia binti wa kaka.

"Hewa imevuja kifuani, pafu limesinyaa," alisema, na hapo alisema kweli. Kisha akacheka kidogo. "Ila picha imekaa kinyume. Moyo uko kulia, hata hewa ya tumboni iko kulia. Watu wa picha wamechoka leo."

Akabonyeza kitufe, picha ikageuka. Moyo ukakaa kushoto kama kitabuni, na wenzake wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Ile herufi ya pembeni sasa ilisomeka kinyumenyume, kama maandishi ya fulana kwenye kioo. Hakuna aliyeitazama.

"Kulia," akamwambia daktari. "Mchome sindano kulia, hewa itoke."

"Ni kushoto," nilisema. "Andaa kushoto." Sikupaza sauti. Nikamgeukia yeye. "Na wewe nenda kamwekee mkono kifuani. Sasa hivi."

Alikwenda. Wakati daktari anapangusa ngozi kwa dawa, yeye aliweka kiganja upande wa kushoto, kama kila mtu angefanya. Akangoja. Akakisogeza. Niliuona uso wake ukibadilika. Moyo wa yule mtu ulikuwa unadunda kulia, na ndivyo alivyozaliwa. Picha ilikuwa sawa tangu mwanzo, na pafu lililosinyaa lilikuwa la kushoto. Angechomwa kulia, lile pafu moja lililokuwa linambeba nalo lingeharibika.

Sindano iliingia kushoto, hewa ikatoka kwa mlio wa tairi la baiskeli, fundi akavuta pumzi ndefu. Wanafunzi wakatazama viatu vyao.

Alama yake sikuitoa siku hiyo. Nilikuwa nimekasirika, na hasira yangu haina haraka.

Siku fundi aliporuhusiwa kwenda nyumbani tulimkuta ameketi kitandani, shati limefungwa hadi juu. Alipomwona binti wa kaka alisimama.

"Daktari mdogo, mkono wako ndio uliogundua. Mama yangu alikuwa akisema moyo wangu haukai mahali pake, nikadhani ananisuta. Mungu akubarikie mkono huo."

Wagonjwa wa vitanda vya jirani walitabasamu. Hapo ndipo mtihani wake ulipoanza, ingawa sikumwambia. Shukrani ya bure ni tamu, na hakuna aliyekuwa anamlazimisha aiteme. Alinitazama. Mimi nikatazama dirisha.

"Si mimi, baba," alisema. "Mimi ndiye niliyesema uchomwe kulia. Niliuona moyo wako kulia nikadhani picha ndiyo iliyokosea, nikaigeuza. Aliyekuokoa ni Shangazi." Alisahau kuniita Daktari.

Fundi alikaa tena. Akakunja uso. "Ungeniua."

"Ndiyo."

Yule bwana akafungua vifungo viwili vya shati.

"Lete huo mkono."

Akauchukua, akaubana kwenye kifua chake, upande wa kulia. Binti alikuwa analia sasa, kimya kimya, lakini mkono hakuuondoa.

"Sikiliza mpaka ukariri," fundi alimwambia. "Atakayekuja baada yangu huenda asimkute shangazi yako."

Alama nilimpa jioni ile. Amefaulu. Kaka yangu mpaka leo anaamini ni undugu uliofanya kazi, na mimi sijajisumbua kumwambia vingine.