Mwenye Barabara

Hulda alikuwa anafagia uwanja jioni ya Jumamosi, kuku wakimsumbua miguuni, nyayo za kwanza zilipoingia. Zilitoka barabarani, zikapita kando ya mianzi, zikafika mlangoni na kusimama. Zilikuwa za mtu mzima, kidole gumba cha kushoto kimepinda. Juu yake hapakuwa na mtu.

Hulda aliweka ufagio chini.

"Kamwene, baba Ema," alisalimu. Kidole kile kilikuwa cha Agustino wa nyumba ya bondeni, aliyepanda lori asubuhi ile kwenda mashamba ya mkonge. Kisha akaita ndani, "Hezekia! Toka, una wageni."

Hezekia alikuwa nyumbani likizo. Alikuwa kiranja mkuu wa shule ya kati ya misheni, na kaptula yake ya kaki ilipigwa pasi hata siku za kuchimba viazi. Alitoka akaziangalia. Nyingine zilikuwa zinaingia moja baada ya nyingine, zinajipanga nyuma ya zile za kwanza, bila kusukumana.

"Wanataka nini, mama?"

"Wanataka togwa. Si wewe uliyepiga jembe la kwanza?"

Kwenye vilima vile vya nyuma ya misheni ya Yakobi, mtu akiita watu kwenye ujima, jembe la kwanza hupiga mwenye shamba, wengine wakimtazama. Akishapiga, kazi ni yake mbele ya macho ya wote. Jioni haruhusiwi kukaa mpaka kila aliyetoa jasho amenyweshwa kwa mkono wake. Wengine humimina ulanzi, pombe ya mianzi, Walutheri humimina togwa, lakini desturi ni moja, na Hezekia aliijua tangu anabebwa mgongoni. Ila shuleni alikuwa amefundishwa kwamba kiongozi hutangulia.

Barabara ile ilikuwa wazo lake. Mama yake mdogo, Margareth, alifia kwenye machela akiwa na uchungu wa kuzaa, wabebaji wakiteleza kwenye njia ya mbuzi, hospitali bado iko mbali. Hezekia alirudi shuleni, akawakusanya viranja wenzake, akawaambia: sisi tuna mikono, tuchimbe barabara mpaka ile kubwa ya Makambako, gari la wagonjwa lifike. Hakuna aliyebisha. Walimu walifurahi mno. Bwana Shauri, mzungu mkuu wa wilaya, alikuja mwenyewe na kiko chake mdomoni. Akasema serikali haina fedha, lakini moyo wa kujitolea unapita fedha. Gari la wagonjwa litafikiriwa. Vifaa atavitafuta.

Vifaa vilikuja: sururu na mabeleshi, mipini yote imepakwa rangi nyekundu. Tusiisahau rangi hiyo. Kila mtu wa Njombe aliijua, maana ndiyo rangi ya malori ya waandikishaji wa manamba, vibarua wa mashamba ya mkonge. Hezekia aliiona siku ya kwanza. Aliushika mpini, akaona kiganja kimebaki na wekundu, akakipangusa kwenye majani. Hakuuliza.

Siku ya kuanza, mzee Elieza aliuliza kama ilivyo ada, "Kazi hii mwenyewe nani?" Watu walimtazama Bwana Shauri. Bwana Shauri alikuwa anawasha kiko. Hezekia akaona aibu ya ukimya ule, akainua jembe akapiga. Mzee Elieza aliitikia kwa kichwa, na wanaume wa kijiji wakaingia kazini pamoja na wanafunzi. Walichimba kiangazi kizima, baridi ikiwapasua midomo.

Zamani mwandikishaji alikuja kwa miguu, akitweta. Mpaka afike, wanaume wanaodaiwa kodi walikuwa wameshavuka bonde na kuingia msituni. Sasa alifika na lori mlangoni, watu bado wanakula. Gari la wagonjwa lilikuwa bado linafikiriwa.

Basi Hezekia alichukua kibuyu. Alimimina togwa kwenye kisigino cha kila unyayo, na ardhi ikanywa. Asubuhi Hulda alifagia kwa kuzizunguka.

Jumatatu Hezekia alikwenda Makambako, kwenye kambi ambako manamba walisubiri kusafirishwa. Aliwakuta wamekaa kwenye vumbi, kila mmoja na blanketi lake jipya. Walipotembea, vumbi halikuonyesha unyayo.

"Mwenye barabara huyo!" Agustino alipiga kelele. "Karibu, bwana mkubwa. Togwa yako mbona majimaji? Ulezi umeisha kwenu?"

Walicheka wote. Hezekia alichutama mbele yake.

"Baba Ema, rudi nyumbani."

"Kwa miguu ipi? Si iko kwenu, inakunywa?" Walicheka tena, ila Agustino aliacha mapema. "Sikia, mwanangu. Beatrisi yuko karibu kujifungua. Ulisimama kanisani ukasema gari litakuja kwa ajili ya watu kama yeye. Mimi nikachimba. Nenda kwa mzungu wako ukamwambie muda wa kufikiri umekwisha."

"Nitamwambia."

"Utamwambia?"

"Nitamwambia, baba."

Kutoka pale alikwenda Njombe. Maneno aliyaandaa njia nzima, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na yote yalikuwa mazuri. Bwana Shauri alimpa kiti. Hakuna Mbena aliyewahi kupewa kiti katika chumba kile, na Hezekia alikalia ukingoni tu. Bwana Shauri akasema vijana kama yeye ndio nchi hii inawahitaji. Nafasi ya sekondari imepatikana, jina lake limeshapelekwa. Kuna kilima cha pili ng'ambo ya bonde, watu wake nao wanataka huduma. Je, viranja watasaidia?

Hezekia alifungua mdomo.

"Asante, bwana," alisema.

Alipewa lifti kurudi katika lori jekundu la waandikishaji, mbele, kando ya dereva. Nyuma ya lori zilipakiwa sururu mpya, mipini bado inanuka rangi. Walipoanza kupanda kilima chao, waliona machela inateremka. Wabebaji walikuwa wanawake, maana wanaume walikuwa Makambako. Mbele kabisa alikuwa Hulda, kanga imefungwa kiunoni. Juu ya machela alilala Beatrisi, ameuma kitambaa.

Dereva alipiga honi. Wanawake wakashuka mtaroni, wakasimama kwenye maji mpaka magotini, machela juu ya mabega, wapishe. Mtaro ule Hezekia aliuchimba kwa mikono yake, ulikuwa umenyooka vizuri.

"Huyu mama angepanda," Hezekia alisema, kwa sauti ndogo.

"Lori hili ni la wenye afya, kijana," dereva alijibu bila ubaya. "Mgonjwa nikimpeleka mkongeni atafanya nini?"

Hulda aliinua macho akamwona mwanawe nyuma ya kioo. "Kamwene," alisema, kama anavyomsalimu mtu yeyote mwenye gari. Hezekia aliangalia magoti yake. Lori likapita.

Hulda alirudi jioni ya siku ya pili. Kanga yake ilikuwa na udongo wa kaburi. Aliuchukua ufagio, akaufagia uwanja, akautazama mlango wa ua.

Nyayo ziliingia kwa wakati wake. Zenye kidole kilichopinda zilitangulia. Ubavuni mwake, safari hii, zilikuwepo za mwanamke, nyembamba, zimelowa. Na mbele ya hizo, mavumbini, nyayo mbili ndogo sana za miguu ambayo haikuwahi kukanyaga mahali. Zote zikasimama mlangoni.

Hezekia alimimina kwa Agustino. Alimimina kwa Beatrisi. Akafika kwenye zile ndogo, mkono ukasita.

"Mama, huyu hakuchimba."

"Mimina," Hulda alisema. "Naye ametoka jasho kwenye barabara yako."

Akamimina, kidogo, zisifurike. Kisha akabaki amesimama na kibuyu, maana wengine walikuwa bado njiani.