Kabla ya Kupanda Dindira

Asnath alitaka kujifungulia kwa mama yake, kijijini Dindira, juu milimani. Alikuwa ameshafunga nguo zake, akingoja tu mumewe Eliasi amalize kuvuna mihogo amsindikize. Ndipo Mwantumu, mhudumu wa afya aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba pale Mkata, alipobisha hodi.

Mwantumu aliitazama miguu ya Asnath, imevimba hata kandambili haziingii.

"Kliniki umeshakwenda, mwanangu?"

"Sijaenda. Mtoto wangu wa kwanza alifia tumboni, wakanipasua. Mpaka leo nikiona kitanda cha hospitali natetemeka."

Mwantumu hakumgombeza. Alikaa naye mkekani, wakazungumza mpaka uji ukapoa. Kesho yake akawapeleka zahanati, Asnath na Eliasi. Presha ya Asnath ilikuwa juu sana, na wote wawili walikutwa na virusi vya Ukimwi.

Walirudi nyumbani. Eliasi alichukua jembe akaenda kupalilia mahali alipokwisha kupalilia. Jioni ndiyo akasema, "Dawa tutakunywa wote. Lakini huko mlimani usipande na hali hiyo."

"Namtaka mama," Asnath akajibu.

Mwantumu naye alimweleza: mvua zikianza, pikipiki hazipiti ile barabara, na uchungu ukimshikia huko, mshono wa zamani unaweza kuachia. Akamtafutia nafasi Korogwe, katika nyumba ya wajawazito wanaosubiri kujifungua karibu na hospitali, Asnath akahamia huko.

Asubuhi, mawingu yakitawanyika, milima ilionekana kutoka uani. Asnath alitoa kigoda nje akaitazama. Huko juu mama yake, Bi Rosa, alikuwa amejitanda shuka la baridi, anakoka moto. Miguu yake haikuweza tena kushuka mteremko ule. Walibaki kusikilizana kwenye simu.

"Mbona wenzako wanazaa wanarudi? Wewe unaumwa nini huko?"

"Presha, mama."

"Presha tu?"

"Mtandao unakatika, mama," alisema Asnath, ingawa alikuwa akiisikia hata pumzi yake.

Jambo lile hakulitaka lipite kwenye simu. Alitaka alale mapajani mwa mama yake kama alipokuwa mdogo, ndipo aliseme. Kila gari lililoelekea milimani alilisindikiza kwa macho mpaka likapotea.

Siku ilipofika, madaktari walimpasua, akapata mtoto wa kike aliyelia kwa nguvu hata manesi wakacheka. Mwantumu alikuja na Eliasi, akamwonyesha Asnath namna ya kumnywesha mtoto dawa ya maji ya kumkinga na virusi. Kisha wakaanza kungoja tena, mara hii majibu ya kipimo cha mtoto.

"Hana virusi," nesi alisema hatimaye. "Endelea na dawa zako, mnyonyeshe, tutampima tena."

Asnath alimkumbatia Mwantumu akalia. "Sasa naruhusiwa?"

"Sasa panda, ukamwone mama yako."

Bi Rosa aliwapokea mlangoni. Alimpakata mjukuu, akamnusa shingoni, hakutaka kumwachia. Mtoto alipolala, Asnath aliweka kichwa mapajani mwa mama yake akamweleza yote.

Mkono wa Bi Rosa ulisimama juu ya nywele zake.

"Mimi ndiye wa kunificha?"

"Nilitaka nikwambie nikiwa hapa, mama."

"Kumbe ulikuwa na hayo moyoni, na mimi nakulaumu kwenye simu." Alimtazama mjukuu aliyelala. "Na Eliasi?"

"Anakunywa dawa, kama mimi."

Mkono ukaanza tena kumpapasa, taratibu.

Siku ya kurudi kliniki ilipokaribia, Bi Rosa alimshika nguo. "Lala na leo tu." Asnath akalala. Asubuhi yake akapanda pikipiki, mtoto kifuani. Alipogeuka kwenye kona, ukungu ulikuwa umeshaifunika nyumba. Alichosikia ni sauti ya mama yake tu, ikimwita mjukuu kwa jina, mara nyingi, mpaka mlio wa pikipiki ukaimeza.