Msafiri wa Chumbani

Asubuhi ya Krismasi watu walipita nyumba hadi nyumba wakidaiana zawadi, "Krismasi yangu iko kwako!" Kila mwaka mume wangu Flomo huwagawia mchele. Mwaka huu mgodi umemwachisha kazi, basi akajifungia chumbani kama mwali.

"Waambie nimesafiri," akaninong'oneza.

Akabisha hodi Ma Yassah, jirani yetu mjane. Nikamwambia Flomo kasafiri.

"Kasafiri peku?" akauliza, macho kwenye kandambili za Flomo pale mlangoni. Nilitamani ardhi inimeze. Akapaza sauti: "We Flomo! Krismasi yangu iko kwako!"

Flomo akatoka, kichwa chini. "Ma, sina hata punje ya mchele."

"Nani kakuomba mchele? Huu hapa, nimeuleta mimi." Akanitia bakuli mikononi. "Nataka sauti yako. Kwaya haina besi, tunalia kama vifaranga! Yesu mwenyewe kazaliwa zizini, wewe unaona haya ya nini?"

Flomo akavaa kandambili, akatangulia nje.

"Nawe, mke wa msafiri," Ma Yassah akanigeukia, "funika huo mchele, twende."

Nikaufunika, uso ukiniwaka. Huko nje Flomo alikuwa ameshaanza kuimba.