Joris Alipokataa Gauni

Uvumi niliupata kwa Audrey, muuza njugu pale mlangoni mwa jumba la michezo, na tangu siku hiyo haukunitoka masikioni. Alisema maafisa wa kusaka askari wamechoka kuzunguka vilabu vya pombe. Sasa watakuja huku kwetu Southwark mchana kweupe, mchezo ukiwa umenoga, wafunge milango na kuwazoa vijana kama dagaa.

"Wewe unahofu nini, mama Joris?" akanitania. "Mwanao si malkia? Malkia atapewa mkuki?"

Nikacheka naye, nikaondoka bila kununua njugu.

Naandika haya kwa ajili ya akina mama wenzangu ambao watoto wao wameanza kusifiwa sauti. Shule yangu ni ile ya watoto wadogo ya kanisa letu la wageni, kwa hiyo mtanisamehe mwandiko.

Sisi ni wageni. Mimi na marehemu mume wangu Pieter, mfumaji, tulikimbia vita kwetu Flandria, ng'ambo ya bahari. Joris alizaliwa hapahapa, ng'ambo hii ya mto, lakini hakuna siku iliyopita asiitwe mtoto wa mgeni. Akienda kununua nyama, Gamage mchinjaji humwambia, "Rudini kwenu mkale jibini!" Mtoto anarudi na nyama yenye mfupa mwingi, kanuna.

Pieter alipofariki, Bwana Hobday, mkuu wa waigizaji, alimchukua Joris aigize wanawake, maana mwanamke hapandi jukwaani. Mimi akanipa kazi ya kushona mavazi. Jamani, miaka ile! Namwona bado, amekaa juu ya sanduku na taji kichwani, anatafuna samaki mkavu wa heringi, nami nyuma yake navuta kamba za gauni. "Vuta pumzi," namwambia. "Mama, malkia naye hula," ananijibu mdomo umejaa. Kisha tarumbeta inalia, anajifuta mdomo, anatoka, na wanawake waliokuwa wakigombania viti wananyamaza kimya. Chumba kile kilinuka nta ya mishumaa, jasho na maganda ya machungwa. Sijapata tena kunusa kitu kizuri hivyo.

Mchezo uliopendwa kuliko yote ulikuwa tanzia ya jemadari mgeni. Mji tajiri unamkodi awapigie adui. Adui akiwa langoni wanamwita mheshimiwa, naye anamwoa binti wa diwani, ambaye ndiye Joris. Vita vikiisha, anakuwa "yule mgeni", na wanamuua kwa fitina. Bwana Hobday ndiye jemadari, na alikuwa na maneno yake ya kujipigia kifua: "Upanga wangu ndio ukoo wangu!" Watu walipiga makofi hadi vumbi likadondoka darini. Joris aliyasikia maneno hayo mara nyingi mno, amejificha nyuma ya pazia, anayasema kwa midomo tu bila sauti. Yalimwingia. Kile kifo cha mwisho hakikumwingia.

Ikafika siku sauti ikampasuka katikati ya kilio cha mke.

"Bibi ana mafua!" mmoja akapiga kelele.

"Mafua wapi, kaota ndevu!" akajibiwa, na jumba zima likaangua kicheko.

Bwana Hobday akampa mtoto mwingine nafasi ya mke. Joris akapewa kuwa mshika bendera wa jemadari. Koti lake lilikuwa jekundu, la afisa wa kweli aliyekufa, tulilinunua kwa mtumishi wake. Kuanzia hapo Joris hakutaka kulivua. Akaenda nalo buchani, na Gamage yuleyule akamwinamia: "Karibu, afande." Mwanangu alirudi na nyama isiyo na mfupa, macho yanawaka.

"Umeona, mama? Mgeni mwenye cheo si mgeni."

"Hicho ni kitambaa, Joris. Nimekishonea vifungo mimi mwenyewe."

Hakunisikia.

Kumbe Audrey hakusema uongo. Alasiri moja, jemadari yuko jukwaani anaapa, milango ikafungwa kwa kishindo. Watu wakaanza kukanyagana. Afisa mmoja mnene akatangaza kwamba wanawake na waungwana watoke, wengine wote wapange mstari. Nikakimbilia chumba cha mavazi, nikanyakua gauni la zamani la Joris.

"Vaa upesi! Jifunike kichwa, tutoke kama mama na binti."

"Mama, niondolee hilo."

"Miaka yote umelivaa, leo lina miiba?"

"Miaka yote nimevumilia kuitwa bibi. Sasa mimi ni mshika bendera."

"Wa jukwaani, Joris! Wa mbao!"

Bwana Hobday alikuwa kando, amejifunga shali na kofia ya bibi mzee, ndevu zimefichwa. "Msikilize mama yako," akasema. "Unaniona mimi? Jemadari mzima."

Joris akamtazama kwa dharau, akatoka nje kwenye mstari. Nikamfuata na gauni mkononi.

Afisa akamkagua juu mpaka chini. "Na huyu ni nani, kavaa kuliko mimi?"

"Mshika bendera," Joris akajibu kwa ile sauti ya jukwaani. Watu wakacheka.

Nikajitupa mbele. "Bwana mkubwa, mwache huyu. Ni mgeni, baba yake Mfleming, mtu wa Flandria. Wageni hamwachukui, mwasema wenyewe hatuaminiki."

Afisa akarudi nyuma kidogo. "Kweli, kijana? Wewe mgeni? Sema ndiyo, upite mlango ule."

Neno moja tu. Na Gamage alikuwa mstarini, mtu wa tatu kutoka pale, anatazama.

"Nimezaliwa Southwark," mwanangu akasema. "Mimi si mgeni."

"Hapo sasa! Kasema mwanamume!" Afisa akampiga begani. "Na bendera yetu inatafuta mtu." Nikamwona akimkonyeza askari wake. Joris hakuona.

Walipofika gatini kupanda meli, walimvua lile koti, wakampa mkuki kama wenzake. Nilisikia haya kwa askari aliyerudi bila mkono. Alisema kikosini walimwita Mfleming. Na huko Flandria walikopelekwa, kijijini kwa baba yake, alipoomba maji kwa lugha ya nyumbani yenye lafudhi ya Southwark, walimwita Mwingereza, wakafunga dirisha. Mwanangu alikufa chini ya ukuta wa mji mmoja huko, kabla ya baridi.

Bado nashona palepale. Kuna mtoto mwingine wa kumfunga kamba za gauni. Huyu hapendi heringi.

Basi, akina mama, haya myaepuke:

Usimtoe mwanao kwa waigizaji kabla ya kuuliza atafanywa nini sauti ikipasuka.

Usimwache atoke na koti la cheo nje ya jukwaa, hata kwenda dukani mara moja.

Usimcheke akiwa ndani ya gauni, wala usiwaache wengine wamcheke.

Usimfundishe kulionea haya neno mgeni.

Usiende michezoni habari za vita zikiwa mjini.

Usimruhusu anywe bia ya bure ya mtu mwenye ngoma ya kusaka askari.